Wali Usiokolea Chumvi

Nyumba ilikuwa inanuka samaki mbichi, na jikoni hamkuwa na hata kichwa cha dagaa. Zuwena, aliyetoka kushuka basi la Dar mchana ule, alisimama mlangoni na begi lake. Jirani aliyeachiwa mgonjwa alikuwa anajifunga kanga haraka haraka.

"Mamako leo simwelewi," alinong'ona, akaondoka bila kuaga.

"Shikamoo, mama."

Bi Mastura hakuitikia. Aliushika mkono wa bintiye, akanusa kidole kimoja kimoja.

"Umekula wapi?"

"Kwa Hafsa, mama. Ugali."

"Muongo!" Sauti ilikuwa nzito, ya kiume.

Tobaa! Zuwena aliijua ile sauti. Ilikuwa ya jini la bibi yake. Enzi za bibi lilikuwa likitengewa chano, kibao cha mninga chenye wali usiotiwa chumvi na samaki asiyepikwa, na Bi Mastura akaendeleza. Zuwena ndiye aliyekitia kibao kile motoni. "Sie tumesoma, mama, ushirikina huu wa nini?" Tangu siku hiyo mama yake hakukaa na chakula tumboni.

Ndipo akaenda Dar kutafuta dawa. Mdogo wake, Hafsa, mhudumu katika hoteli ya chakula cha Kijapani, akamkaribisha kazini kwake, akamwekea kibao cha mbao chenye wali mweupe usiokolea chumvi, na juu yake samaki mbichi, mwekundu. Zuwena alikitambua. Angenyanyuka, lakini wapi! Kilikuwa kitamu, akala, akaomba kingine, na mama yake hakumjia akilini mpaka alipokwisha kunawa. Roho ilimsuta njia nzima mpaka Lindi.

"Mimi nashinda na njaa kwenu," ilisema ile sauti, "wewe unakula changu."

"Nisamehe. Nitakutengea leo hii."

"Cha kwako sikitaki tena. Nielekeze huko. Nikienda, mama yako simrudii."

Zuwena alinyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo tumbo la mama yake lilivyozidi kubonyea mpaka likagusana na mgongo, na kucha zikawa zinakwaruza godoro, na harufu ile ikapanda ikamkaa kooni, na macho ya mama yakageuka yote meupe huku kinywa kikitafuna, kikitafuna, na ndani hamna kitu.

"Masaki!" alilia. "Barabara ya baharini, lango la mbao, lina taa nyekundu ya karatasi."

"Atakayenitengea nani?"

Alijua akitaja hakuna kurudisha. Akamtazama mama yake.

"Hafsa," alisema.

Harufu ikakatika. Bi Mastura akashusha pumzi, akaomba uji, tena wenye chumvi. Alikunywa bakuli zima na halikurudi tone.

"Hafsa wangu hajambo huko?" aliuliza.

"Hajambo, mama."

Simu ikalia. Alikuwa Hafsa, ananong'ona.

"Dada, kuna mteja hapa hashibi. Amemaliza samaki wote jikoni, sasa ananinusa mikono. Anasema umemtuma wewe. Ni nani huyu, dada?"

Bi Mastura alikuwa ananyoosha bakuli, anatabasamu, anataka uji mwingine.

"Mhudumie tu, mdogo wangu," alisema Zuwena. "Chumvi usimtilie."

Akakata simu, akaenda kuongeza uji.