Jino la Mpiga Tarumbeta

“Fungua mdomo nione.”

Emmett alitikisa kichwa.

“Nakuomba, Emmett. Fungua mdomo.”

Alikuwa ameinama juu ya sinki la jikoni, mikono yote miwili imeshika ukingo, damu inadondoka tone moja moja juu ya sufuria zilizokuwa hazijaoshwa. Ozella alisimama nyuma yake. Mkonga wa simu bado ulikuwa mkononi mwake, waya umevutika kutoka ukutani mpaka ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Simu za wakati ule zilikuwa nzito. Mkonga wake ungeweza kupigilia msumari.

Mwishowe Emmett akageuka, akafungua mdomo.

Jino la mbele la juu lilikuwa limekatika nusu. Mdomo wenyewe umepasuka, unavimba huku unauangalia.

Ozella akauachia ule mkonga. Ukabaki unaning'inia ukutani, unalia tuu, tuu, tuu.

Kama mume wake angekuwa mpishi au dereva wa teksi, hilo lingekuwa jino tu. Lakini Emmett Gaskin alikuwa mpiga tarumbeta, na si wa kubahatisha. Ungeingia kwa kinyozi yeyote pale Harlem ungekuta moja ya santuri zake tatu inazunguka, zile alizorekodi na Hollis Bagby akiwa kwenye piano. Watu walikuwa wakinyolewa nusu kichwa, kinyozi anasimama na wembe hewani mpaka Emmett amalize kupuliza. Ijumaa ile walikuwa waingie studio kurekodi ya nne.

Wake wa wapiga tarumbeta hugombana na waume zao kama wake wengine. Watarusha sahani, watatupa nguo dirishani. Mdomo hawaugusi. Ozella, siku za kazi, hata kumbusu alikuwa akimbusu shavuni.

“Niambie basi ni nani,” alisema, sauti imemwishia. “Hata sasa hivi. Yule mwanamke ni nani?”

Emmett akavuta kipande cha karatasi ya muziki kilichokuwa mezani, akachukua penseli, akaandika: SI WANGU.

“Wa nani basi?”

Akaiweka penseli chini.

Jibu lilikuwa hilohilo lililoleta balaa. Mchana ule simu ililia, Ozella akaipokea, sauti ya mwanamke, laini kama siagi, ikasema: “Mwambie nimekubali. Nitamsubiri Boston, hoteli ileile.” Kisha ikakata. Na bendi kweli ilikuwa iende Boston wiki inayofuata. Alipomuuliza Emmett, hakusema hajui. Alisema, “Siwezi kusema.” Akamuuliza tena, mara ya pili, ya tatu, mkonga ukiwa mkononi. “Ozella, siwezi kusema.” Mkono ukaondoka wenyewe.

Jioni Emmett akampigia Hollis. Ozella alikuwa anakunja taulo chumbani, akasikia kila neno, maneno yenyewe yanatoka yamevimba.

“Niliteleza. Barafu kwenye ngazi... Hapana, ni mdomo... Ndiyo, jino... Sijui, Hollis. Sijui kama nitaweza.”

Kisha akashusha sauti, Ozella hakusikia tena.

Ozella aliona afadhali Emmett angemshtaki kwa watu wote. Kumsikia anamfichia aibu yake ndiko kulikomkata maini.

*

Kesho yake akapanda Verdie, mdogo wake Ozella, kutoka ghorofa ya chini, na sufuria ya supu ya kuku. Verdie ndiye mke wa Hollis. Dada wawili kutoka Carolina, wameolewa na wanaume wawili wa bendi moja, katika nyumba moja. Watu waliwaita familia ya santuri.

“Ngazi gani hiyo yenye barafu?” Verdie aliuliza kabla hata hajatua sufuria. “Mbona mimi napanda nashuka na matako yangu haya, sitelezi?”

Ozella akafunga mlango wa jikoni.

“Nimempiga mimi.”

“Umempiga wapi?”

“Mdomoni. Na simu.”

“Ozella!” Verdie akakaa. “Mdomoni? Si ungempiga mgongoni? Ungempiga mguu! Ungemwekea sumu kidogo akaharisha! Mdomoni, dada?”

“Kuna mwanamke, Verdie.”

“Amekiri?”

“Anasema si wake. Nikimuuliza wa nani, hasemi.”

“Basi ni wake,” Verdie alisema, akampapasa mkono. “Pole, dada yangu. Ndiyo shida ya kuolewa na mwanamume mzuri. Afadhali mimi na Hollis wangu mwenye pua ile. Nani atamtaka?”

Chumbani kitanda kililia. Emmett alikuwa macho. Ozella alipoingia na bakuli la supu alimkuta amegeukia ukuta, na karatasi iko juu ya mto: NIACHE NILALE.

“Emmett, nisamehe.”

Emmett akavuta blanketi mpaka masikioni.

“Kama unampenda, nenda. Nitakufungia nguo zako mimi mwenyewe. Lakini usinikalie kimya hivi, nitakufa.”

Hakugeuka.

Daktari wa meno alisema jino litatengenezwa, lakini mdomo usiguswe na chuma kwanza. Emmett akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ijumaa asubuhi Ozella alipoamka, tarumbeta haikuwepo. Mezani kulikuwa na karatasi: NIMEENDA STUDIO. WANANINGOJA.

Alikuwa ameishika karatasi ile mkononi simu ilipolia.

“Haloo? Hakunipigia,” ikasema ile sauti ya siagi. “Ulimpa ujumbe wangu?”

Ozella alitaka kutukana. Matusi yote aliyokuwa ameyaandaa yakamkimbia, akabaki na ukweli.

“Dada, sikiliza. Sikujui, na sitaki kugombana. Nimemvunja mume wangu jino kwa ajili yako. Sasa hivi yuko studio anajiua. Niambie kitu kimoja tu. Anakupenda?”

Upande wa pili redio ikapunguzwa sauti.

“Mume wako? Yule mwenye tarumbeta?”

“Ndiye.”

“Mama wee! Mimi na mpiga tarumbeta wapi na wapi? Mimi ni Claudine, wa Hollis. Alinipa namba hii. Alisema kwake nisipige, kuna mke, lakini kwa Emmett wataelewana wenyewe kwa wenyewe.”

Ozella alikaa chini sakafuni.

“Haloo? Dada, upo?”

“Nipo,” alisema. “Asante.”

Hakukumbuka baadaye kama alifunga mlango.

*

Juu ya mlango wa studio ilikuwa inawaka taa nyekundu. Kijakazi wa nyumba ya mwanamuziki hahitaji kufundishwa maana yake, sembuse mke: ikiwaka, mkanda unazunguka, hakuna kukohoa, hakuna kuingia, hata nyumba ikiungua.

“Subiri hapo, mama,” mlinzi alinong'ona.

Mlango ulikuwa na kidirisha cha kioo. Ozella akachungulia.

Emmett alikuwa amesimama katikati ya chumba, kaweka tarumbeta mdomoni. Hollis kwenye piano, mpiga ngoma nyuma, mpiga besi ameegemea gitaa lake kubwa. Wakaanza. Piano ikapita vizuri, ngoma ikafuata, kisha ikafika zamu ya Emmett. Ilitoka nusu sauti, nusu upepo. Ikavunjika. Akashusha tarumbeta, akajifuta kwa leso nyeupe, leso ikarudi nyekundu.

“Tena,” Hollis alisema bila kuinua macho. “Piga chini kidogo tu, kaka. Tutaipata.”

Emmett akainua tena.

Ozella akausukuma mlango.

“Nani huyo?” sauti ya fundi ilinguruma kwenye spika. “Mkanda unazunguka!”

“Acha uzunguke,” Ozella alisema. “Shemeji Hollis.”

“Ozella, tuko kazini.”

“Claudine anakusalimia.”

Mpiga ngoma akaweka vijiti vyake chini, polepole, kama vinaweza kulipuka.

“Ozella, toka nje,” Emmett alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile, na yalitoka yakipiga mluzi penye pengo.

“Sitoki. Hollis, anasema hukumpigia. Anasema ulimpa namba yangu kwa sababu kwako kuna mke.”

“Sikiliza, shemeji, haya mambo...”

“Ulijua mdomo wa mume wangu umekuwaje?”

Hollis alitazama vidole vyake.

“Aliniambia.”

“Lini?”

“Jioni ileile.”

“Ukakaa na mdogo wangu kitanda kimoja, ukamwacha apike supu amletee Emmett pole. Na leo umekaa hapo unamwambia apige chini kidogo!”

“Tunamtegemea sote, Ozella. Santuri hii ikiharibika...”

“Inatosha!” Emmett alisema. “Tulikubaliana toka mwanzo. Ya safarini hayaletwi nyumbani.”

“Mlikubaliana wewe na yeye. Mimi mliniita kwenye kikao hicho?” Akamgeukia Hollis. “Shemeji, sitamwambia Verdie mimi. Utamwambia wewe, leo, kabla hajaweka chakula mezani. Mdomo wako ni mzima. Utumie.”

Kisha spika ikakoroma tena, safari hii ni bwana wa kampuni ya santuri.

“Jamani, tunaendelea au hatuendelei?”

Emmett aliitazama tarumbeta yake kwa muda mrefu.

“Siwezi kupiga,” alisema.

Mpiga besi akageuza uso. Walikuwa wamefanya naye kazi homa ikimtetemesha, walifanya naye kazi siku aliyomzika mama yake. Neno hilo hawakuwahi kulisikia kwake.

“Emmett,” bwana wa kampuni akasema kwa upole, “chumba kimeshakodiwa. Kuna mpigaji mwingine yuko karibu, anasoma muziki vizuri. Nyimbo zinabaki zako.”

“Mwiteni.”

“Una hakika?”

“Nimesema mwiteni. Na mkanda wa mke wangu ufuteni.”

*

Walikaa kwenye benchi la korido, tarumbeta ndani ya sanduku lake katikati yao. Ukutani ilisikika piano inajaribu wimbo alioutunga Emmett wakati wa kiangazi, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yao na fulana tu.

“Jino nilikusamehe siku ileile,” Emmett alisema.

“Mbona ulinigeuzia mgongo?”

“Kwa sababu uliamini. Miaka yote hii, Ozella. Sauti moja ya simu, ukaamini.”

“Na wewe ulisema huwezi kusema. Ungekuwa mimi, hapo ungesikia nini?”

Emmett akachezea kufuli la sanduku.

“Sema, Emmett. Ungesikia nini?”

“Ningesikia mwanamke,” alikubali. “Lakini ni mdogo wako. Ningekuambia, ungekaa naye vipi? Ungelibeba vipi jambo kama lile?”

“Ningelibeba. Hukunipa nilibebe, ndiyo nikabeba simu.”

Emmett alicheka ghafla, mdomo ukapasuka upya, akaubana kwa leso.

“Usinichekeshe. Inauma.”

“Sikuchekeshi. Mimi nalia.”

“Basi lia taratibu. Wanarekodi.”

Akalia taratibu. Baada ya muda mkono wa Emmett ukaja juu ya sanduku, ukashika wa kwake. Mle ndani mpigaji mwingine alikuwa ameshafika. Walimsikia anapasha moto tarumbeta yake, sauti safi, kavu, haina kovu. Ozella alihisi vidole vya mumewe vinakaza.

“Na kama sauti yako haitarudi?” aliuliza.

“Sijui.”

“Nakuuliza kweli.”

“Nakujibu kweli. Sijui, Ozella. Ninaogopa.”

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia hivyo. Akasogeza lile sanduku miguuni, akakaa karibu naye, wakabaki wanasikiliza mtu mwingine akipiga wimbo wa kiangazi.

*

Hollis alisema. Alisema kabla ya chakula, kama alivyoambiwa, na chakula kilimfuata mpaka barabarani, pamoja na suruali zake. Verdie akapanda ghorofani na mto wake, akalala kwenye kochi la dada yake. Alikuwa akimkuta Emmett jikoni anaanza kulia, “Shemeji, na wewe ulijua!” na Emmett anainamisha kichwa, anasema, “Nilijua, Verdie. Nisamehe.” Ilichukua muda mpaka Verdie akamwekea tena sukari kwenye kahawa yake.

Santuri ya nne ikatoka majira ya kuchipua. Vinyozi waliisifu. Emmett aliisikiliza mara moja, amesimama, akasema, “Anapiga vizuri huyu bwana,” akairudisha kwenye jalada lake. Ozella alimwona anakwenda dirishani na kukaa pale mpaka chai ikapoa.

Jino la bandia likaja, likakaa vizuri. Mdomo ulipona ukiwa na kovu gumu palepale panapokaa chuma. Siku nyingi alilifungua sanduku, akaitazama tarumbeta, akalifunga.

Kisha Jumamosi moja, mchana kweupe, madirisha yote ya mtaa yako wazi, akaitoa.

“Nendeni nje,” aliwaambia.

“Hatuendi,” Ozella alisema.

Akaiweka mdomoni, akapuliza.

Ilitoka sauti ya bata aliyekanyagwa.

Verdie akajiziba mdomo kwa mto. Dirisha la ng'ambo likafunguka kwa kishindo, kichwa cha Bi. Sumpter kikatokeza, kimejaa vibanio vya nywele.

“Gaskin! Mnachinja nini humo ndani?”

Ozella akakimbilia dirishani.

“Ni mume wangu, mama! Anajifunza tarumbeta!”

“Anajifunza? Si ndiye yule wa kwenye santuri?”

“Ndiye!”

“Basi mwambie huku watu tuna vichwa!”

“Weka pamba masikioni, mama Sumpter! Maana haachi leo wala kesho!”

Nyuma yake Emmett alipuliza tena. Ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Ozella alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akabaki anatazama nje, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, bila kugeuka, Emmett asiyaone.

“Tena,” alisema.

Akapuliza tena.