Ngazi ya Abram na Sauti ya Bibi Sara

Katika kanisa letu la Mennonite mjini Winnipeg, Kanada, watu huazimana kila kitu. Ngazi ya Abram Wiebe imezunguka nyumba tisa. Anayekataa kuazimisha chake huombewa.

Verna Dueck alilelewa katika desturi hiyo. Alifanya kazi chuo kikuu, katika ofisi ya kuhifadhi sauti za wazee. Aliwatembelea na kinasa sauti, kisha akaziingiza sauti zao kwenye kompyuta ya ofisi.

Mzee wa mwisho kurekodiwa alikuwa Bibi Sara Klippenstein, wa miaka tisini na sita. Wiki mbili baadaye tulimzika. Kwenye chakula cha maziko, binti yake Helena alimshika Verna mkono.

"Ulimrekodi mama akisali. Nipe niisikie."

"Nitakupa. Ila sauti ni hafifu, na birika linapiga mluzi. Ngoja niisafishe kwanza."

Abram alikuwa karibu, na bakuli lake la supu ya kabichi. "Ninayo programu ya kusafisha sauti," akasema. "Iko kwenye flashi. Nilipewa na shemeji."

"Si ya kulipia hiyo?"

"Dada Verna, tangu lini unaniuliza bei ya ngazi yangu?"

Hata waliokuwa wakilia walicheka. Verna akaipokea.

Jumatatu, ofisini, programu ilidai leseni. Kwenye flashi kulikuwa na faili ya kuvunja kufuli hilo. Maelekezo yalisema: zima kwanza kinga ya virusi. Verna alisita. Kisha akaizima.

Kufikia saa nane mchana, hakuna faili iliyofunguka. Tangazo jekundu lilijaa kwenye kioo: "Tumezifunga faili zako."

Akampigia simu Lourdes Magsino, fundi wa kompyuta wa chuo. Lourdes alifika mbio. Kabla ya salamu, alichomoa waya wa mtandao.

"Mama Verna, niambie ukweli. Umeweka nini humu?"

Ilikuwa rahisi kusema "sijui". Verna alifumba macho, akaomba ujasiri.

"Nimeweka programu ya kuazima. Na kinga nimeizima mwenyewe."

"Afadhali umesema. Wengine hunificha, na ugonjwa unaingia ofisi ya pili."

"Lakini Lourdes, kwetu kuazimana ni upendo."

"Ngazi ikija kwako, Abram anabaki bila ngazi. Amejinyima. Programu hii haikuondoka kwake. Mmeongeza nakala, na aliyeitengeneza hakuulizwa. Na huyo aliyevunja kufuli, mama, unadhani alifanya kwa upendo? Alijiachia mlango wa kuingilia."

Verna aliichomoa ile flashi, akaiweka mezani.

"Ipo programu ya kusafisha sauti ambayo wenyewe wameruhusu itumiwe bure," Lourdes aliendelea. "Ungeuliza, ningekuwekea kwa dakika kumi. Na programu za chuo usizipeleke nyumbani kabla ya kutuuliza. Leseni nyingine zinaruhusu, nyingine haziruhusu."

Sauti za wazee wengine zilikuwa na nakala kwenye hifadhi ya chuo. Ya Bibi Sara, iliyokuwa ikingoja kusafishwa, haikuwa nayo, na kwenye kinasa sauti ilikwisha kufutwa. Lourdes alijaribu siku tatu. Hakuipata.

Verna alikwenda kwa Helena peke yake. Alisema yote, akiwa bado amevaa koti. Helena alikigeukia kiti kimoja kilichokuwa dirishani.

"Nilikuwa nimeandaa kiti cha kukalia nikiisikiliza," akasema.

Jumapili iliyofuata Abram alisimama kanisani. "Ndugu zangu, mimi ndiye niliyewagawia ile programu kwenye flashi. Mlizonazo, leteni." Zikaletwa kumi na moja. Lourdes aliombwa aje. Alikagua kompyuta za kanisa na za nyumbani, akaziondoa programu zisizo na leseni na kuweka za halali. Katika kompyuta ya Abram mwenyewe alikuta virusi vilevile, vimelala.

Mwezi wa nne Helena alimpigia Verna simu. "Njoo na kinasa sauti. Sala ya mama ninaikumbuka. Sina sauti yake, lakini maneno ninayo."

Alisali kwa lugha ya mama yake, taratibu. Katikati ya sala, birika likapiga mluzi. Verna akainuka kwenda kulizima.

"Liache," Helena akasema. "Na usije ukalisafisha."

Siku hiyohiyo, aliporudi ofisini, kabla ya kuvua koti, Verna aliweka nakala mbili za sala hiyo.