Shemizi Kavu

Mvua ilinyesha asubuhi, jua likatoka nyuma yake, na soko la Kasongo likaanza kuchemka kama sufuria iliyofunikwa. Wauza samaki walijipepea kwa vipande vya karatoni. Arlette alikuwa kwenye baraza la duka, mbele ya mashini yake ya kushona, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano na kilemba amekifunga juu juu ili shingo ipate hewa. Kijana mmoja akaja kusimama mbele yake, akampa mgongo.

"Mama wa mashini, angalia. Chuma ya ukuta imenipasulia nguo."

Shemizi yake ilikuwa nyekundu iliyokoza. Ilikuwa imechanika toka begani mpaka kiunoni, na jasho limeigandisha mwilini kama ngozi ya pili.

"Mimi si mama ya mutu," Arlette akasema. "Vua."

"Hapa? Mbele ya watu wote?"

"Ao unataka nikushone pamoja na mugongo?"

Wauza samaki wakacheka mpaka mmoja akaangusha kikapu. Kijana akavua. Arlette akaikamua ile shemizi, maji yakatiririka kama ya nguo iliyotoka mtoni. Nguo mbichi hivyo haishoneki, uzi unakatika, kwa hiyo akaitundika kwenye kamba ikauke kwanza. Lakini ninyi mnaijua Kasongo wakati wa mvua: nguo inakaa kambani toka asubuhi mpaka mtu anasahau kwamba ni yake. Kijana akakaa kwenye benchi kifua wazi, mikono ameikunja kama bibi harusi, anangoja.

Jina lake Ruphin, mtu wa Kabambare, mwashi. Alikuwa amekuja mjini kujenga ukuta.

"Nikutegee kitendawili wakati tunangoja?" akauliza.

"Tega."

"Maji ya chumvi, hakuna mutungi ulioyachota."

Arlette akatazama kile kifua kinachong'aa, akarudisha macho haraka kwenye mashini. "Hiyo ya watoto. Jasho."

"Umenishinda. Nikupe muji gani?"

"Nipe unaoutaka."

"Chukua Kabambare."

"Kabambare! Na njia yake mbaya vile? Nitaifanyia nini?"

"Mimi niko ndani," Ruphin akasema.

Jioni shemizi ilikuwa bado mbichi. Aliondoka ameivaa hivyo hivyo, haijashonwa, ili apate sababu ya kurudi kesho yake. Na kesho yake akarudi, na siku zilizofuata, mpaka wauza samaki wakaanza kumwita mukwe.

Kiangazi kilipofika, Ruphin akapata kazi Lubumbashi, kwenye shantie, mahali pa kujenga nyumba kubwa. Mzee Jean-Marie, baba yake Arlette, alikuwa amesema wazi: binti hatolewi kwa vitendawili, itolewe mahari ya mbuzi. Ruphin akaomba angojewe mpaka mwisho wa mwaka.

"Utaningoja?" alimuuliza Arlette siku ya safari.

"Wewe fanya kazi. Mimi nitangoja. Lakini nikisikia umepata muke kule, nitakushona mudomo kwa hii mashini."

Mwanzoni simu zilikuwa tamu kama muwa.

"Sheri, mupenzi wangu, joto ya huku haiko kama ya kwetu," Ruphin alisema. "Ya kwetu inakukumbatia kama muke mwenye wivu, haikuachilii mpaka usiku. Hii ya huku haikugusi. Inapita tu kama mwizi, unashituka midomo imepasuka."

"Mwizi wa midomo? Mwambie hiyo ni yangu."

"Nitamwambia, mama ya watoto wangu."

"Watoto gani? Kwanza mbuzi!"

Kisha mvua zikarudi Kasongo, na siku moja Arlette akanunua mega za intaneti za kutosha, akapanda kilimani karibu na antena, akampigia Ruphin simu ya picha. Alitaka kumwona. Alipofika juu, bluzi ilikuwa imeloa, matone yanamdondoka kidevuni.

Uso wa Ruphin ukatokea. Mkavu. Mkavu kabisa, kama sahani iliyopanguswa. Shemizi ile nyekundu ambayo Arlette aliishona kwa mikono yake haikuwa na tone, inapepea pepea.

"Uko wapi?" Arlette akauliza.

"Shantie, sheri. Tunabeba matofali toka asubuhi. Jua inatuua."

"Inakuua na umekauka hivyo?"

"Huku mutu halowi. Jasho inakauka palepale."

"Ruphin, unanichukua mutoto? Baba yangu analima, ninamjua mutu aliyetoka kazini. Kaka yangu Pitchou akibeba maji tu analowa mpaka kwenye mushipi. Wewe unabeba matofali na shemizi inapepea! Uko chini ya ventilatere, unapepewa. Ventilatere ya nani?"

"Haki ya Mungu, Arlette…"

"Muache Mungu. Niambie jina ya huyo mwanamuke!"

Ruphin akacheka. Alicheka kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, lakini mtu aliyepanda kilima kwa miguu hapendi kuchekwa. "Ngoja," akasema, "nitakutumia kitu ukione kwa macho yako, usikifue…" Arlette alikuwa amekwisha kata.

Angempigia siku ya pili. Hasira yake haikuwa ya kulala nayo mara mbili. Lakini kesho yake antena ikanyamaza. Watu walisema mafuta ya kuiwasha yamekwama njiani, gari limezama tope. Kila asubuhi Arlette alishika simu, akaiinua juu, akaizungusha huku na huku, kisha akairudisha kwenye kitenge. Akamwomba msafiri mmoja apeleke neno. Msafiri mwenyewe akarudi toka njiani, daraja limebebwa na maji.

Katika ukimya huo ndipo Gaston akaja. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu huko Salamabila, mtu mzima, mpole, viatu vyake vimekaa safi hata kwenye tope. Hakuja na vitendawili. Alikuja na mbuzi.

"Binti yangu," Mzee Jean-Marie akasema, "yule mwashi wako ametuma hata neno moja?"

Arlette akaendelea kushona. Alikumbuka uso ule mkavu ulivyocheka.

"Nakuuliza tena, Arlette. Mutu huyu nimujibu nini?"

"Baba, fanya unavyoona."

Maneno matatu tu, tena ya hasira. Lakini kwetu mahari ya dada haikai zizini. Pitchou, kaka yake, alikuwa na mchumba huko Lusangi, Célestine, ambaye wazazi wake walichoka kungoja. Gaston angemchukua Arlette mvua zikiisha, lakini mbuzi wake hawakulala hata juma kwa Mzee Jean-Marie. Wakaswagwa mpaka Lusangi, na Célestine akaletwa, amevaa kitenge kipya na sandali nyeupe, akakaribishwa kwa nyimbo. Mwezi haujaisha, akaanza kutapika asubuhi, na mama mkwe wake akaanza kutabasamu peke yake.

Hapo ndipo Kasimu akafika. Alikuwa mchuuzi wa nguo aliyetoka Lubumbashi kwa treni, akakwama stesheni siku nyingi kwa ajili ya mvua. Akamkuta Arlette barazani, akamtupia sashe ya plastiki iliyofungwa kwa nguvu.

"Ya mwashi wako. Amesema usiifue."

Arlette akafungua. Shemizi ile nyekundu. Lakini mgongoni, makwapani na kifuani ilikuwa na mistari myeupe, mmoja ndani ya mwingine, kama alama za mto uliokauka ukiacha kingo zake. Akafikiri ni chokaa ya kazi. Akagusa kwa kidole, akakiweka kidole ulimini.

Chumvi.

Nguo ilikuwa ngumu kama ngozi ya mbuzi. Jasho la siku nzima, na la siku nyingine juu yake, limekauka kabla ya kudondoka, likabakiza chumvi tu. Huku kwetu nani amewahi kuona hivyo? Huku jasho linakaa maji mpaka unaoga.

"Kasimu," akasema polepole, "kule watu hawalowi?"

"Kule? Unafua shemizi, kabla hujamaliza suruali shemizi imekauka. Hukujua?"

Arlette akaitundika kwenye kamba, apate kuitazama vizuri. Lakini hewa ya Kasongo ilikuwa nzito kama siku zote. Kabla ya saa sita shemizi ilianza kulegea. Mistari ikafifia, mmoja, halafu mwingine. Akainuka, akaikunja, akaifungia tena ndani ya sashe. Alikuwa amechelewa. Mchana ilikuwa imeloa kama shemizi ya mtu yeyote.

Juma lile antena ikafufuka, na safari hii ikashika mpaka nyumbani. Simu ikalia kabla yeye hajapiga. Picha.

"Sheri! Umepata shemizi?"

"Nimeipata."

"Uliiona?"

"Niliiona, Ruphin. Nilionja na ulimi. Nisamehe."

Ruphin akacheka kwa furaha, ule uso wake mkavu. "Basi imekwisha! Mbuzi nimekwisha kuzipata. Nakuja na treni hii."

Nyuma ya Arlette, uani, Célestine alikuwa anatwanga mihogo taratibu, mkono mmoja ameushika kiunoni.

"Usikuje," Arlette akasema. "Ruphin, nakurudishia Kabambare."

Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Mtu hutupatia mji tukimshinda kitendawili, na akirudishiwa anaelewa. Ruphin akaacha kucheka.

"Ni nani?"

"Mutu wa Salamabila. Mbuzi zake zimemuoa Célestine. Célestine iko na mimba. Nikivunja yangu, yake inavunjika."

"Nitalipa mbili. Nitalipa…"

"Utalipa na mutoto wa tumboni? Mama yake watamrudisha kwao."

Ruphin akasogeza simu karibu. "Arlette, uso wako umeloa. Uko nalia?"

"Nani? Mimi?" Akajipangusa kwa ncha ya kitenge. "Ni joto ya huku. Umeisahau mara moja hivyo?"

"Kweli," Ruphin akasema polepole. "Nilikuwa nimesahau."

Akaamini. Kwake yeye kuamini hakukuwa taabu.

Rezo ya simu ikaanza kukatika. Picha yake ikasimama palepale, midomo wazi, mashavu makavu kama siku ile ya kilimani. Arlette akaisogeza simu machoni. Chini ya jicho la Ruphin, toka pembeni mpaka kidevuni, ulikuwepo mstari mwembamba mweupe, na sasa alijua kuusoma.