Mwanamke Aliyemo

Mara ya kwanza Mama alisema amesahau miwani. Alikuwa tayari kabisa, mkoba begani, cheti cha hospitali mkononi, teksi inanguruma nje. Akafika langoni, akasimama kidogo kama mtu aliyeitwa, kisha akageuka akarudi ndani. Miwani yenyewe ilikuwa usoni. Bintiye alicheka, naye Mama akacheka, siku ikapita hivyo.

Mara ya pili alisema viatu vinambana. Mara ya tatu hakusema kitu. Aliishika nguzo ya lango kwa mikono miwili, midomo ikambadilika rangi, pumzi ikamkatika, mpaka bintiye na dereva wa teksi wakamrudisha nyuma hatua tatu. Hapo tu pumzi ikarudi.

"Mama, kama hunipendi sema, nimtume mwenzangu," dereva alijaribu kutania. Hakuna aliyecheka.

Maana maji yalikuwa yanajaa kwenye mapafu ya Mama. Daktari alishasema waziwazi kwamba yasipotolewa ndani ya wiki mbili yatamzamisha palepale kitandani kwake. Wiki moja na siku tatu zilikuwa zimekwisha.

Binti huyo alikuwa karani kwenye masjala ya ardhi, na hata nyumbani walishazoea kumwita Karani. Kazi yake ilikuwa kutunza hati za kale za viwanja, za karne ya kumi na tisa, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwenye karatasi zilizotafunwa na mchwa. Kwa miaka sita, wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki akifukua humo asili ya ukoo wao. Alifanya hivyo kwa ajili ya Mama. Mama hakuwa na kitu cha kuringia duniani isipokuwa maneno matano: "Sisi ni watoto wa ndoa." Mtaa mzima ulijua kwamba bibi mzaa bibi yake aliozwa kwa heshima kwa mwenye nyumba hii hii wanayokaa. Ukimgusa hapo, umemtia kidole jichoni.

Mwezi uliopita hati ikapatikana. Karani aliipiga nakala, akaja nayo mbio, akaisoma kwa sauti sebuleni: nyumba na kiwanja chake, mipaka yake minne, kisima kiitwacho Baridi, miti kumi na miwili, na mwanamke aliyemo, aliozwa kwa fulani bin fulani. Mama akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Na katikati ya vigelegele hivyo, jikoni, mtu akasema, "La."

Walidhani ni jirani. Lakini tangu siku hiyo jikoni kulinuka kamba ya ndoo iliyolowa, ile harufu ya kamba iliyolala majini muda mrefu. Kisima cha Baridi kilizibwa kwa saruji kabla Karani hajazaliwa, na juu yake ndipo lilipowekwa jiko. Sasa alasiri, nyumba inapotulia na Mama anasinzia kwenye kiti, chini ya ile saruji ndoo ilisikika ikishuka taratibu ikigonga ukuta wa mawe, ikipiga maji, ikipandishwa kwa mikono iliyochoka, ikimwagwa mahali na kushushwa tena, mara ishirini, mara thelathini, bila kupumzika, na kila ilipopiga maji kifua cha Mama kilikoroma, na Karani akisimama mlangoni na mwiko mkononi asijue aanze kumwita nani, Mungu au majirani.

Alimwita Mzee Wino. Huyu alikuwa mstaafu wa masjala, vidole vyeusi kwa wino wa miaka arobaini, na watu walimpelekea wagonjwa wa mashetani awasomee. Alikuja alasiri, akaketi jikoni kwenye kigoda, akaomba kwanza aione hati.

"Hapa ulisomaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Aliozwa."

"Nani kakwambia?"

"Si ndivyo tunavyojua, mzee? Mama kanilea na habari hiyo."

"Ndiyo maana hukutazama. Mwanangu, herufi hizi hazitofautishi o na u. Aliozwa na aliuzwa zinaandikwa vilevile. Msomaji ndiye anayechagua." Akaweka ukucha chini ya mstari. "Ndoa ingetaja mahari. Ingemtaja baba yake. Tazama, kisima kina jina. Yeye hana."

Karani aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Alishasoma mamia ya hati, na kila alipofika kwenye neno kama hilo alitazama kwanza maneno yanayolizunguka kabla ya kuamua. Hili peke yake alilisoma kama moyo ulivyotaka. Chini ya miguu yao ndoo ikapiga maji.

"Unamsikia?" Mzee Wino alinong'ona. "Aliuzwa pamoja na kiwanja. Mipaka ya hati ndiyo mipaka yake, amekufa bado anateka. Miaka yote alinyamaza. Wewe ukaja kumsomea harusi asiyokuwa nayo, tena kwa vigelegele. Sasa kamng'ang'ania mwenye nyumba wa leo. Yeye hatoki, na mama yako hatoki."

"Tufanyeje?"

"Mwenye nyumba amwache huru. Kwa hati, na dole gumba chini yake."

Mama alikuwa amesikia yote kutoka sebuleni.

"Mimi si mjukuu wa kitu cha dukani," alisema. "Niacheni nife nilivyo."

Alishikilia hapo siku mbili. Alilala ameketi, maana akijinyoosha maji yalimpanda kooni. Karani alimpigia magoti, akamshika miguu iliyovimba. "Mama, ukoo sitaki. Nakutaka wewe. Ukiniacha nitabaki na nani?" Mama alimpapasa kichwa, akatazama pembeni. Karani alilia kwa uchungu, na kwa hasira pia, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyemletea mama yake karatasi ile.

Siku ya tatu, mchana, alimkuta Mama jikoni, ameinamisha sikio kuelekea sakafuni.

"Analia," Mama alisema. "Analia polepole, kama anaogopa kusikiwa. Na mimi nililia hivyo baba yako alipotuacha, usije ukaamka." Akavuta pumzi kwa shida. "Hana hata jina?"

"Hana, Mama."

"Haya. Andika."

Mzee Wino alitamka, Karani akaandika kwa herufi zilezile za kale: Mimi mwenye nyumba hii nimemwacha huru mwanamke aliyemo, atoke katika mipaka minne, asizuiwe na mtu. Mama akatia dole. Karani akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, na safari hii alitazama kila herufi. Harufu ya kamba ikakatika. Chini ya saruji pakawa kimya kabisa.

Mama akasimama. Alitembea mwenyewe, mwepesi, akalivuka lango bila hata kupunguza mwendo.

"Leo umekubali kunipenda!" dereva alishangilia.

Mama aliketi kando ya Karani, amebandika paji la uso kwenye kioo, akitazama maduka, mafundi baiskeli, watoto wa shule, machozi yanamtiririka na huku anatabasamu. Mpaka teksi ilipoanza kuondoka ndipo alipouliza, kwa sauti ya Mama lakini kwa woga wa mgeni: "Njia hii inaishia wapi?"

Karani akageuka nyuma. Mzee Wino alikuwa amesimama nje akipunga mkono. Na ndani, nyuma ya nondo za lango, alisimama Mama, amezishika kwa mikono yote miwili, mdomo wazi, hana sauti. Mwanamke aliyemo. Hati ya kumwacha huru ilipoandikwa, ndani walikuwamo wanawake wawili, na haikutaja ni yupi.

Karani hakusimamisha teksi. Alijua mwili ule umebakiwa na siku moja tu, na mwili ni wa mama yake.

Hospitali wakatoa maji, lita mbili na nusu. Daktari akasema mgonjwa ana bahati. Siku ya nne, wodini, Karani alimwekea yule mwanamke karatasi nyingine mapajani, ya kumwacha Mama huru.

"Nakuomba, bibi yangu. Tia dole, naye atoke."

Mwanamke alimtazama kwa huruma, bila chuki hata kidogo. Aliigusa mikono yake mipya iliyozeeka.

"Atoke aingie kwenye mwili upi, mjukuu wangu?"

Karani akaikunja karatasi. Jioni akarudi nyumbani peke yake, akafungua lango, akaingia jikoni bila kuwasha taa. Ndoo ilikuwa inashuka. Ilishuka kwa kusitasita, ikigongagonga huku na huku, ya mtu asiyezoea kazi hiyo. Kisha ikasimama.

"Mwanangu?" Mama aliuliza kutoka chini ya saruji. "Wameshanitoa maji?"

"Wameshatoa, Mama," alisema Karani. "Umepona."