Mifupa ya Kaka Deodatus

Agnetha hakuwa na miwani. Hakuwa na simu ya kupangusa. Shule aliishia darasa la nne. Na hakuwa na kaburi la kaka yake, Deodatus, la kupalilia.

Deodatus alikwenda Marekani kusoma. Huko alijiunga na kikundi cha watu Weusi waliodai haki zao. Siku moja polisi waliizingira nyumba yao, wakaichoma moto Deodatus na wenzake wakiwa ndani. Kwao, kijijini Chonyonyo, ukoo ulizika mgomba badala ya mwili.

Miaka arobaini ikapita. Mwaka huu ikaja barua. Mifupa ya Deodatus imekutwa ndani ya boksi katika chuo kimoja. Wanafunzi walikuwa wakifundishwa kwa mifupa hiyo! Chuo kiliomba radhi, kikataka kujua ndugu wa damu wanasemaje. Wasipojibu kabla ya Juni, itazikwa hukohuko.

Mwenyekiti wa ukoo, Nolasco, alijibu upesi, akagonga na muhuri. Jibu likarudi: "Wewe ni nani kwake?"

Yeye na Agnetha wakaenda Bugene kwa Placidia, msaidizi wa kisheria.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, binti."

Placidia akasoma barua zote mbili. "Nani alizaliwa naye tumbo moja?"

Nolasco alikohoa. "Ni huyu Agnetha. Lakini ameolewa. Kwetu binti aliyeolewa hasemi kikaoni."

"Nolasco," alisema Agnetha, "nilikubeba mgongoni, ukanikojolea. Je, niliitisha kikao?"

Placidia alicheka hadi akafuta machozi. "Mzee, ndoa haibadilishi damu. Ukoo ukae, umteue yeye, muhtasari uandikwe. Aape mbele ya wakili. Parokiani chukueni vyeti vya ubatizo vya wote wawili, vinaonyesha wazazi. Wakitaka kupima vinasaba, watachukua mate yake tu. Na kila karatasi, bakini na nakala."

"Na ule mgomba?" aliuliza Nolasco. "Mtu mmoja, makaburi mawili?"

"Tulizika mgomba kwa sababu hatukuwa naye," alisema Agnetha taratibu. "Sasa yupo."

Jumapili Nolasco aliitisha kikao, akampa Agnetha kiti karibu yake. "Leo dada yetu anasema," alitangaza. Hakuna aliyepinga.

Barua Agnetha aliiandika kwa mkono wake: "Mimi ni dada yake. Namtaka nyumbani."

Pale posta ya Kayanga, aliweka karatasi zote ndani ya bahasha. Akalamba gundi, akaikandamiza kwa kiganja.

"Nenda ukamlete," akaiambia, akamkabidhi karani.