Kijiko cha Mama Mapacha

Siku za Jumamosi, ukipita mbele ya saluni ya Mama Mapacha, pua ndiyo ingekusimamisha kwanza. Harufu ya nta ya nyuki na maji ya waridi ilitoka jikoni, ikapita sebuleni, ikaingia saluni, ikafika mpaka barabarani. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ilikuwa na viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na kikaushio cha nywele kilichokoroma kama mtu mwenye mafua.

Mama Mapacha alikuwa msusi. Kuosha vichwa vya watu kutwa nzima kulimkausha mikono hadi ikapasuka. Ndipo alipoanza kujitengenezea krimu. Aliyeyusha siagi ya shea na nta, akaongeza mafuta ya nazi, akamimina maji ya waridi, akakoroga hadi mkono ukafa ganzi. Kila kitu alikipima kwa kijiko kimoja cha mbao alichoachiwa na mama yake. Kijiko kilikuwa kimelika upande mmoja, lakini ole wako ukikigusa au kuki­azima.

Mikono yake ikapona. Wateja wakaona, nao wakataka. Akaanza kuwauzia krimu kwenye makopo madogo. Mapacha wake, wasichana wa miaka tisa, waliandika jina kwenye vikaratasi na kuvibandika: Laini. Vikaratasi vilikaa upande, lakini nani angethubutu kuwaambia?

Siku moja alikuja mwenye duka kubwa la vipodozi. Alikuja kusuka tu. Mama Mapacha akampaka krimu mikononi. Yule mama akanusa, akajipaka tena.

"Mama Mapacha," alisema, "baada ya miezi sita nafungua duka la pili. Nataka makopo mia na ishirini ya krimu hii siku ya ufunguzi. Lakini nisikilize vizuri. Yote yafanane. Na yatoke kwenye kiwanda chenye leseni, siyo jikoni. Ukiniletea vya kuungaunga, nafasi hiyo nampa mwingine."

Mama Mapacha alifurahi mpaka akakosea hesabu ya mistari kichwani kwa mteja aliyefuata.

Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Alhamisi aliingia Mwalimu. Alikuwa amestaafu zamani, lakini nusu ya mtaa alikuwa ameifundisha kusoma. Mpaka leo wanaume wazima walichomekea mashati wakimwona anakuja. Alitoa kopo la Laini kwenye mkoba, akaliweka mezani.

"Fungua," alisema.

Mama Mapacha akafungua. Ndani, juu ya krimu, kulikuwa na vidoa vya kijani. Ulikuwa ukungu. Wateja wote wakachungulia. Mtu akazima kikaushio ili asikie vizuri.

"Nilitaka kumpaka mjukuu wangu mchanga," Mwalimu alisema. "Bahati nzuri nilikuwa nimevaa miwani."

Kisha akatoa kalamu nyekundu, akachukua kifuniko, akaandika neno moja kwa herufi kubwa: RUDIA.

"Sikusema uache," alisema akielekea mlangoni. "Nimesema urudie."

Mama Mapacha aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alifunga saluni mapema, akakaa jikoni, akalia. Mume wake, fundi saa, alikiangalia kifuniko kile kwa muda mrefu, kama anavyoangalia saa iliyosimama.

"Tumwite Mpimaji," alisema.

Mpimaji alikuwa dada wa nyumba ya tatu. Alifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha maziwa. Walimwita hivyo kwa sababu hakula kitu bila kukinusa kwanza, hata keki ya harusi yake mwenyewe. Alipofika alilinusa kopo, akakunja uso.

"Humu umeweka maji?" aliuliza.

"Siyo maji. Maji ya waridi."

"Ya waridi, ya mvua, yote ni maji. Ukungu unayapenda yote. Umeweka kihifadhi gani?"

"Sikuweka!" Mama Mapacha alijibu kwa fahari kidogo. "Krimu yangu haina kemikali."

Mpimaji akacheka. "Dada yangu, hata maji ni kemikali. Kihifadhi kilichoruhusiwa, kwa kipimo chake, kinazuia ukungu na bakteria. Halafu fikiria, kila mteja anachovya kidole. Na huu ukungu umeuona kwa sababu una rangi. Bakteria huwaoni. Krimu inaweza kuwa nyeupe pe, na bado ikawa imeharibika."

Mama Mapacha hakungoja kuambiwa mara ya pili. Siku hiyohiyo alizunguka mtaani, mlango kwa mlango, akakusanya kila kopo alilouza. Wengine walimsifu. Wengine walimcheka. Alimeza yote.

"Sasa natafuta kiwanda," alimwambia Mpimaji. "Nianzie wapi? Bei?"

"Bei iache mwisho. Kwanza omba kuona leseni. Halafu omba kuona mahali wanapochanganyia. Halafu omba wakuonyeshe makopo ya akiba."

"Ya akiba? Ndiyo yapi hayo?"

"Sisi kila tukipakia maziwa, tunabakiza pakiti yenye namba ya toleo. Toleo ni mzigo wote uliotengenezwa pamoja. Mteja akilalamika, tunafungua ile ya kwetu na kuipima. Kiwanda ambacho hakibakizi, kitajuaje kilichouza?"

Jumatatu, Mama Mapacha alikwenda kwenye kiwanda cha kwanza. Wifi yake, dada wa mume, alimsindikiza. Wifi alipenda vitu vinavyong'aa, na kiwanda kile kilimfurahisha kuanzia getini. Kulikuwa na makochi meupe, juisi ya baridi, na meneja anayenukia kuliko bidhaa zake.

"Krimu ya mikono? Hakuna shida," alisema meneja. "Wiki mbili tu, mzigo uko tayari. Tunaanzia makopo elfu mbili."

"Elfu mbili! Mimi nahitaji mia na ishirini."

"Chukua elfu mbili, mama. Utauza tu. Tena tutakuongezea kitu kidogo cha kung'arisha ngozi. Wiki moja, mteja hajitambui kwenye kioo."

"Kitu gani hicho?"

"Siri ya kiwanda," meneja alisema na kukonyeza jicho.

"Kitaandikwa kwenye kopo?"

"Nani anasoma maandishi ya kopo, mama?"

Mama Mapacha akamkumbuka Mwalimu na miwani yake. Akaomba kuona mahali wanapochanganyia. Wateja hawaingii huko, aliambiwa. Akaomba kuona makopo ya akiba. Meneja akauliza akiba ya nini. Leseni nayo ilikuwa "iko njiani". Mama Mapacha akaweka glasi ya juisi chini, akaaga.

"Umeacha makochi yale!" Wifi alilalamika barabarani. "Na mtu mwenyewe hana matatizo kabisa. Kila kitu hakuna shida."

"Hilo ndilo linalonitisha, wifi. Hakuniuliza hata swali moja. Hata krimu yangu ina nini, hakuuliza."

Kiwanda cha pili kilikuwa kidogo, nyuma ya ghala la mabati. Hakikuwa na kochi hata moja. Leseni ilikuwa imetundikwa ukutani, karibu na sinki la kunawia. Mkemia wake, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, aliwapa kofia za kufunika nywele kabla hata ya kuwakaribisha.

"Nimesuka jana tu," Wifi alinung'unika.

"Ndiyo maana tunazifunika," mkemia alisema. "Zisije zikauzwa pamoja na krimu."

Akawapitisha ndani. Meza zilikuwa safi, mapipa yalikuwa na majina na tarehe. Kwenye kabati moja kulikuwa na safu za makopo, kila kopo na namba yake. Mama Mapacha hakuhitaji kuuliza. Hayo ndiyo yalikuwa makopo ya akiba.

Kisha maswali yakaanza. Krimu itapakwa na nani? Ina nini ndani? Nta kiasi gani?

"Vijiko viwili," alijibu Mama Mapacha.

"Kijiko kipi?"

"Kijiko changu."

"Basi kesho njoo nacho," alisema mkemia, wala hakucheka.

Kesho yake Mama Mapacha alifika na kijiko kimefungwa kwenye leso. Mkemia aliweka bakuli la siagi ya shea karibu na mizani.

"Chota kama unavyochota nyumbani," alisema. "Mara tano."

Mama Mapacha akachota. Mara ya kwanza mizani ilisema gramu kumi na nane. Ya pili, kumi na nne. Ya tatu, ishirini na mbili. Ya nne na ya tano nazo zikatofautiana. Alikiangalia kijiko kama ndiyo kwanza anakiona.

"Kumbe makopo yangu hayajawahi kufanana," alisema polepole. "Hata mara moja."

"Mkono wako ni mzuri," mkemia alimwambia. "Lakini siagi siku nyingine ni ngumu, siku nyingine laini. Kijiko kinajaa, kijiko kinapungua. Sasa tutapima kwa gramu, tutaandika, na kila toleo litafuata karatasi hiyo."

Mama Mapacha akacheka mpaka machozi. Wifi akacheka. Mwishowe hata mkemia akacheka.

Kiwanda kile kilikubali kuanza na makopo mia na hamsini. Kwenye mkataba iliandikwa kwamba fomula ni mali ya Mama Mapacha, na kiwanda hakitaiuza wala kuitengenezea mtu mwingine. "Usisaini hapa," mkemia alisema. "Kausome nyumbani na mzee wako. Kisha jambo moja zaidi. Wengine huahidi wiki mbili, mimi siwezi. Nahitaji kutengeneza sampuli, kuzipima bakteria na ukungu, na kuziweka kwenye joto kwa miezi mitatu."

Mama Mapacha alihesabu kwenye vidole. Miezi iliyobaki ingemtosha, lakini kwa kubanana.

Sampuli ya kwanza ilikaa kwenye joto siku nne tu. Mafuta yakapanda juu, maji yakabaki chini.

"Nimekwisha," alisema Mama Mapacha alipoiona.

"Kwisha nini?" mkemia aliuliza. Alikuwa anatabasamu. "Ingeachana hivi mikononi mwa mteja, ndipo ungekwisha. Imeachana hapa, tunairekebisha."

Ya pili ilikuwa nzito, ilikataa kutoka kwenye chupa. Sasa krimu haikuwa ya kuchovya tena. Walikuwa wameamua itoke kwenye chupa ya kubonyeza, ili vidole vya watu vibaki nje. Sampuli ya tatu ilikaa kwenye joto mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Haikuachana. Haikubadilika rangi wala harufu. Vipimo vya bakteria na ukungu vikarudi safi. Siku hiyo Mama Mapacha alimkumbatia mkemia pamoja na koti lake jeupe. Kibali cha mamlaka ya viwango nacho kikatoka.

Mzigo uliletwa siku tano kabla ya ufunguzi. Chupa zilifanana kama mapacha, na mapacha wenyewe walizikagua moja moja. Jina la Laini lilikuwa limechapwa kwa mwandiko wao, tena limekaa upande vilevile. Chini yake kulikuwa na orodha ya vyote vilivyomo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Siku ya ufunguzi duka lilijaa. Mwenye duka alichagua chupa kumi bila mpangilio, akazibonyeza zote, akazilinganisha. Aliziweka Laini kwenye rafu ya mbele kabisa. Mama Mapacha alisimama kando yake.

Kabla ya saa sita mchana, wanaume wawili mlangoni walichomekea mashati. Mwalimu alikuwa ameingia.

Alichukua chupa, akavaa miwani, akasoma maandishi yote, juu mpaka chini. Akabonyeza, akanusa, akajipaka mkononi. Duka zima likangoja.

"Nzuri," alisema. "Nipe mbili. Moja yangu, moja ya mjukuu."

Mwenye duka alianza kuzifunga. Mama Mapacha akamzuia mkono.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Chukua moja. Hii imepimwa kwa watu wazima. Kwa kichanga bado hatujaipima. Imeandikwa hapo chini."

Mwenye duka akamtumbulia macho. Nani anakataa kuuza siku ya ufunguzi, mbele ya wateja?

"Nimeiona hiyo," alisema Mwalimu. "Nilitaka kujua kama wewe umeisoma."

Akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu. Aling'oa kifuniko kidogo cha juu ya chupa, akaandika neno moja kwa herufi kubwa, akakiweka kiganjani mwa Mama Mapacha: VEMA.

Watu wakapiga makofi. Wifi ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, na alivipiga kama mtu anayedai shukrani. Mpaka jioni rafu ilikuwa tupu, na mwenye duka alikuwa ameshaagiza toleo la pili.

Ukienda leo saluni kwa Mama Mapacha, kioo bado kimepasuka na kikaushio bado kinakoroma. Lakini juu ya kioo utaona vifuniko viwili vimebandikwa, RUDIA na VEMA. Katikati yake kimetundikwa kijiko cha mbao kilicholika upande mmoja. Siku hizi hakipimi chochote. Hata hivyo, ole wako ukikigusa.