Nilichoma Barua za Baba Nikidhani ni Albadiri

Nina miaka arobaini na moja, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kufuta vumbi kwenye maktaba moja hapa Homa Bay. Msinihurumie bado. Ngojeni kwanza mjue nilichofanya...

Baba yangu alikuwa Mjaluo Mwislamu, muuza samaki wa Sindo. Shule hakuiona, alisoma madrasa tu. Mama aliachana naye nikiwa mdogo, akanilea Migori katika kanisa la Sabato. Nilipoolewa hapo hapo Migori, nilimpigia baba simu nikamwomba asije harusini, kwa sababu niliona aibu wakwe zangu wamwone na kofia yake. Ndiyo, nilimwambia hivyo baba yangu mzazi! Akakata simu. Mimi nikabadilisha namba.

Miaka ikapita. Siku moja mume wangu akarudi kutoka dukani kwake na karatasi iliyojaa maandishi ya Kiarabu. "Baba yako anakusomea albadiri," akaniambia. Jameni! Nani huku hajasikia habari za albadiri, ile dua ya kumlaani adui? Sikuuliza hata ililetwa na nani. Niliitia kwenye jiko, nikaita kina mama wa kanisa tukakemea mapepo.

Mwezi uliofuata mimba yangu ikaharibika... Mnadhani nilimlaumu nani? Karatasi ya pili ilipokuja niliichoma nikimtukana baba kwa jina lake. Na ya tatu pia.

Baadaye mume wangu akahamia Kegonga kwa mwanamke mwingine. Nikabaki na watoto na njaa, ndipo nikatafuta kazi mpaka nikapata hii.

Maktaba ni ya profesa mmoja mstaafu. Imejaa vitabu vya historia ya Uislamu na ya ile dola ya Waturuki wa Uthmania, na wanaokuja ni watafiti tu. Nilikuwa nafuta vumbi nimevaa glavu nisiyaguse yale maandishi ya Kiarabu, huku naomba kimoyomoyo. Profesa akagundua, akacheka mpaka akakohoa. Akatoa karatasi moja kuukuu.

"Mama Achieng, hii ni barua ya askari kwa mkewe. Anauliza kama mbuzi wao amezaa."

Akaniambia hata si Kiarabu. Ni Kituruki, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu tu, na wako wazee wa madrasa hapa kwetu wanaoandika Kiswahili vivyo hivyo.

Ndoo ilinitoka mkononi. Kiswahili! Baba hakujua herufi nyingine...

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Sindo. Mke wa baba alinitazama mlangoni, akauliza, "Leo ndiyo umekuja, nyathina, mwanangu?" Baba alikuwa na mwaka mzima kaburini.

Alinieleza taratibu, bila hasira, na afadhali angenipiga. Baba aliugua koo, sauti ikakatika. Hakutaka mtu baki amwandikie mambo ya damu, na alijua Migori kuna msikiti, sitakosa wa kunisomea. Barua ya kwanza alisema amenisamehe habari ya harusi. Ya pili alisema anaumwa. Ya tatu aliniomba nije hata kwa siku moja. Na mchuuzi aliyezipeleka dukani alimweleza mume wangu wazi kwamba ni Kiswahili, barua za baba kwa mwanawe!

Nilimpigia mume wangu. Eti alihofia nikienda Sindo nitarudi Mwislamu. Akakata simu.

Nimemlaani, lakini nafaidika nini? Yeye alidanganya, ni kweli. Lakini kwa nini nilimwamini haraka hivyo? Kwa sababu tayari nilikuwa nimemwonea baba yangu aibu, na mtu unayemwonea aibu ni rahisi kuambiwa ni mchawi ukakubali. Hilo silali nalo salama.

Ndugu zangu, mkiletewa maandishi msiyoyajua, msiogope. Tafuteni wa kuwasomea, awe wa dini gani. Na kama kuna mzazi mliyemfungia simu, mpigieni leo, sauti yake ingalipo. Mimi baba aliniita mara tatu, na mara zote tatu nilimtia motoni.